Harusi ya Buluu

Jumatatu, 4 Machi
Nimemaliza mkanda wa harusi ya shemeji. Picha za rangi, thelathini na sita. Jumamosi shemeji na mumewe wanasafiri, hawarudi mwaka mzima. Anataka picha moja tu ya kwenda nayo: yeye na mama yake, yaani mama mkwe wangu. Mke wangu kasema mkanda upelekwe kwa Bwana Flashi, mwenye studio ya pale kona. Nimekataa. Bwana Flashi aliwahi kusema mbele za watu kwamba picha zangu zinamfaa fundi viatu, maana ni miguu tu, bila vichwa. Nitazisafisha mwenyewe, bafuni. Kitabu ninacho. Nimesoma nusu.

Jumanne, 5 Machi
Dirisha la bafu nimeliziba kwa blanketi la mama mkwe. Dawa inataka joto la nyuzi thelathini na nane kamili. Nimeipima kwa kipimajoto cha homa cha watoto. Mama mkwe kagonga mlango mara nne. Kauliza kama mkwe wake anaharisha. Nimemjibu kwamba nafanya sayansi. Kasema hata hiyo ina dawa yake.
Mkanda umetoka salama! Nimeuanika kambani, kati ya soksi. Bwana Flashi atafute kazi nyingine.

Alhamisi, 7 Machi
Siku ya kuchapa. Nimefunga taa nyekundu, kama wafanyavyo mafundi wote niliowahi kuwaona kwenye sinema. Karatasi kumi. Bi harusi buluu. Bwana harusi buluu. Keki buluu. Mama mkwe kauliza hii ni harusi gani iliyofungwa chini ya maji.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwenda kwa Bwana Flashi. Nimemwambia nina rafiki mwenye shida. Kauliza kama huyo rafiki aliwasha taa nyekundu. Nimesema huenda. Kacheka mpaka kashika meza. Taa hiyo ni ya picha nyeusi na nyeupe, kasema. Karatasi ya rangi inataka giza totoro. Kisha kanipa salamu nimpelekee rafiki yangu, na kwamba anawe vidole, vina madoa ya dawa.
Karatasi zilibaki tano. Mchana nikajifungia, nikazitoa zote, nikawa napapasa gizani kama kuku mwenye kideri. Komeo nilisahau. Mama mkwe, amechoka kugonga, kaingia na taulo lake na mwanga wote wa dunia.

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi picha ziko mezani. Rangi safi. Jana jioni mke wangu aliuchukua mkanda bafuni, akaupeleka kona bila kuniambia. Picha thelathini na sita, vichwa kumi na kimoja. Lakini katika moja mama mkwe yupo mzima, kamshika bintiye, anacheka. Shemeji kalia. Kanishukuru mimi. Mke wangu kanitazama. Nimejaza mdomo mkate.
Jirani kasikia sifa, kaniomba nimsafishie mkanda wa mahafali ya mwanawe. Nimekubali. Kosa nimeshalijua. Nimenunua taa ya kijani.