Tufe la Chuma na Pua Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu wa Kemia ndiye atakayefungua maonyesho ya sayansi Ijumaa. Tena! Kisa, moshi wake wa rangi. Mimi mwalimu wa Fizikia nipige makofi tu? Thubutu! Nitawaonyesha Newton alikuwa nani. Nitaning'iniza kwa kamba tufe la chuma la michezo kwenye boriti ya ukumbi, nilivute mpaka puani, niliachie. Litakwenda, litarudi, litaishia nchani mwa pua bila kunigusa. Nami wima kama nguzo!

Kaka, anayeuguzwa chumba cha uani, ameomba nikakae naye. Nimemwambia baada ya Ijumaa.

Jumatano, 5 Juni
Nimefanya mazoezi kwa mto wa kulalia. Safi kabisa. Shemeji alipita na beseni la kaka, akanikuta nimekodoleana macho na mto.

Kaka hali chakula tena. Nilisimama mlangoni nikamweleza Kanuni ya Kwanza: kitu kilicho mwendoni huendelea na mwendo mpaka kani ya nje ikizuie.

"Na kikichoka chenyewe, mdogo wangu?"

Nikamjibu hilo halimo kwenye mtaala.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu! Badala ya kuliachia tufe, nililisukuma. Kidogo tu, kwa mbwembwe. Likarudi na msukumo wangu wote. Pua imevunjika. Ukumbi mzima ulicheka, mkuu wa shule akiwemo. Mwalimu wa Kemia akanizuia damu kwa leso yake. Mnafiki!

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa kaka. Alipoiona bandeji alicheka mpaka shemeji akaja mbio. Tulikuwa tumekisahau kicheko chake. Akanishika mkono, akaniambia nisiondoke. Nikasema narudi sasa hivi; nimwahi mkuu wa shule kabla sijachongewa.

Niliporudi, shemeji alikuwa ameketi sakafuni mlangoni.

"Ametutoka," alisema. "Alikuwa anakuita."

Jumapili, 9 Juni
Tumemzika. Nilibeba jeneza upande wa mbele. Darasani nafundisha kwamba uzito ni mvutano wa dunia tu. Tu! Pua imeziba, nikalia kwa mdomo wazi kama mtoto. Mwalimu wa Kemia alikuwa makaburini tangu alfajiri, kavua koti, anachimba na wenzake.

Jumatano, 12 Juni
Mama amekuja kukaa nasi. Anakaa kitandani kwa kaka, anakunja shuka, anaikunjua, anaikunja tena. Leo ameniomba nikae naye kidogo.

Nilitaka. Wallahi nilitaka. Lakini shuleni wanasema Mwalimu wa Kemia atapewa ukuu wa idara. Kumbe kuchimba kote kule alikuwa anajikosha! Nina mpango. Mawe mawili, zito na jepesi, kutoka paa la shule, yafike chini kwa pamoja, mkuu wa shule akiwa amesimama pale pale chini ajionee mwenyewe. Hapa haliwezi kuharibika jambo.

Nimemwambia Mama anisubiri mpaka Jumamosi. Ameitikia kwa kichwa, akasogea kidogo pembeni, kama anayeniachia nafasi.