Sinki la Vipande Elfu Nne

Jumamosi, 2 Novemba
Nimelipata! Mnara wa taa wa matofali ya plastiki ya kuunganisha, ule mkubwa wa watu wazima. Sanduku zito kama ndama. Mpango wangu ni wa kitaalamu: silifungui. Likae na utepe wake hadi liadimike madukani, kisha wakusanyaji wagombane mlangoni kwangu. Jirani yangu Preben naye kanunua. Mjinga! Kalifungua palepale kwenye maegesho, kwa ufunguo wa gari.

Mke wangu Gudrun aliuliza kuna nini chini ya blanketi. Nikasema sinki jipya la bafuni. Kafurahi mno. Hilo sikulitegemea.

Jumapili, 3 Novemba
Mvua. Preben kaja kunywa kahawa, kamaliza mikate yote ya mdalasini, ndipo akaninong'oneza kwamba ndani ya mnara, nyuma ya ngazi, mna chumba cha siri. Kwenye picha ya sanduku hakimo. Mna nini humo? "Jenga wako, bwana, utaona mwenyewe!" Nikasema mimi ni mwekezaji, hayanihusu.

Alipoondoka nilitikisa sanduku. Nikatega sikio. Shaaa. Ndiyo nini sasa?

Jumatatu, 4 Novemba
Kitanda? Hazina? Maiti? Kazini, ninakopima watu macho, bibi mmoja alisoma herufi zote hadi za chini kabisa nami sikusikia hata moja. Ilibidi aanze upya. Akauliza masikio yangu yalipimwa lini.

Nyumbani, balaa. Sinki la zamani halipo! Gudrun kamwita fundi bomba akaling'oa. Keshokutwa anarudi kufunga jipya. Nikasema vizuri sana.

Jumanne, 5 Novemba
Nimekwenda kwa Preben na tochi na kioo kidogo cha kazini. Alipoingia jikoni nikapiga magoti, nikapenyeza kioo dirishani mwa mnara. Nikaona kitu chekundu. Nikasogea. Kiwiko! Mnara wote chini.

Nilingoja matusi. Preben aliweka birika chini, akasema, "Haya, jenga. Mimi nakaa hapa nakutazama." Hakudumu kitini. Tukawa wawili sakafuni, mkate mweusi na samaki wa siki kati yetu, tukigombea kipande cha kijivu. Alisema tangu mkewe Ketty afariki hakuna aliyemsaidia kutafuta kitu humu ndani.

Tukafika kwenye ngazi, na nyuma yake chumba cha siri. Vijisanamu vya mlinzi wa mnara na mkewe wanacheza karata, mke kaficha karata moja mgongoni! Chini ya meza, paka kashika samaki. Tulicheka hadi Preben akavua miwani.

Jumatano, 6 Novemba
Fundi! Nilimsahau kabisa. Nimerudi kutoka kazini nikakuta sanduku wazi, utepe umekatwa, Gudrun sakafuni katikati ya mifuko. Fundi, nasikia, alilichungulia akasema kwa upole, "Mama, hili sinki lina vipande kama elfu nne hivi." Kisha akaaga.

Nilijua nimekwisha. Gudrun hata hakuinua kichwa. "Usiguse kitu, Ejvind. Na ole wako uniambie mna nini ndani!"

Ninajua, na sina ruhusa ya kusema. Mateso. Tunapiga mswaki jikoni.

Ijumaa, 8 Novemba
Gudrun kafika kwenye ngazi. Mimi mlangoni, nakohoa. Kafukuza kikohozi changu hadi bustanini. Nikasikia kicheko chake kupitia dirisha. Muda mrefu sijakisikia hivyo. Akaniita. "Umemwona huyu mwanamke? Mwizi!" Kasema kwa fahari, kana kwamba ni dada yake.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimetumwa mjini kununua sinki. Nimerudi na kanisa kuu la matofali ya plastiki, lenye minara miwili, sanduku kubwa kuliko lile. Hili halifunguliwi! Nimechunguza kosa langu kwa makini: lilikuwa moja tu, mahali pa kuficha. Hili nimeliweka kwa Preben. Kaapa hataligusa. Kauliza tu kama nimesikia lolote kuhusu chumba cha kengele. Sijasikia. Tumekubaliana hatuna haja ya kujua.

Kesho asubuhi nitapita kwake. Kulitikisa tu.