Okestra Yangu ya Watu Sitini

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeitwa na Mwongozaji wa filamu. Mama mzito, filamu nne mgongoni, miwani moja machoni na nyingine kichwani. Anatafuta mtu wa kumtungia muziki: garimoshi kuukuu linapanda mlima kwa mara ya mwisho kabla ya kustaafishwa. Akaniwekea kipande. Dakika tatu, bila sauti yoyote. Moshi. Magurudumu. Dereva mzee anafuta kioo kwa mkono wa shati. Nywele zikanisimama! Mimi, niliyeona mengi, niliyetungia muziki tangazo la sabuni na katuni ya kupiga mswaki, nikakosa la kusema.

Ningebaki hivyohivyo, ningekuwa salama. Akauliza natumia okestra gani. Mdomo ukajibu kabla yangu: ya kwangu mwenyewe, watu sitini.

Akasema vizuri sana, Jumamosi anakuja kuisikiliza. Asiporidhika, kazi anampa Bwana Koti.

Bwana Koti! Mtunzi mwenzangu, ana cheti ukutani na koti la sufi hata kwenye joto la kuyeyusha mshumaa. Potelea mbali!

Jumanne, 4 Machi

Nakwambia wewe tu, daftari langu: okestra yangu inaishi ndani ya kompyuta, juu ya meza ya chakula ya dada yangu. Nabonyeza hapa, fidla thelathini zinalia. Nabonyeza pale, matarumbeta. Hawachelewi, hawaugui, hawaulizi chai. Nota sijui kuzisoma; mimi na shule tuliachana mapema, bila ugomvi. Kompyuta inaziandika yenyewe na mashine inachapa.

Leo nimeutunga mlima. Sauti moja ya matarumbeta, dakika tatu nzima bila kukatika, inavimba taratibu pamoja na moshi. Nimeisikiliza mara kumi na moja. Nimejiogopa. Dada alikuwa anapita na beseni la nguo, akasimama mpaka maji yakamchuruzikia miguuni. Akakiri ni nzuri. Kisha akauliza hao watu sitini nawatoa wapi, au namsubiri yeye awashone kwa cherehani.

Huyu dada! Ana wivu na vipaji.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa mjomba, kaka wa marehemu mama. Alipuliza tarumbeta miaka thelathini kwenye bendi ya zimamoto. Tangu astaafu, tarumbeta iko juu ya kabati, imeviringishwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Nikamwomba bendi nzima. Akasema wenzake walio hai na bado wana meno ni wanane. Ukimhesabu na yeye, tisa. Na yeye mwenyewe midomo imeshasahau, tena nani siku hizi anataka kusikia wazee.

Nikamwambia filamu inamtaka. Akapanda kiti, akaiteremsha ile tarumbeta, akaanza kuifuta. Alifuta kama vile anamwosha mtu uso. Nikatazama dirishani, vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

Tisa, sitini, yote ni hesabu tu.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Mazoezi yalikuwa katika bwalo la shule ya jirani. Wazee wamekuja wamechomekea mashati. Nikawagawia karatasi. Mjomba akasoma, akageuza, akasoma tena. Ananiita mjomba kama ninavyomwita. Akasema, mjomba, mbona sioni pa kupumua?

Nikamjibu kwamba muziki mkubwa hausimami kwa ajili ya pumzi. Mpulizaji wa kompyuta hajawahi kulalamika.

Wakajaribu. Dakika ya kwanza, utukufu. Ya pili, mzee wa tuba, lile tarumbeta kubwa la kukumbatia, alikaa sakafuni bila kuaga. Mwenye klarineti alisema amemwona marehemu babu yake, anamwita kwa mkono. Mjomba alikuwa rangi ya bilinganya. Mungu wangu, nitaua wazee wa watu kwa ajili ya garimoshi! Nikawapepea kwa zile karatasi, nikawanywesha maji, nikawaomba radhi mmoja mmoja. Nikashika simu nimwambie Mwongozaji okestra nzima imepata surua.

Mjomba akaninyang'anya simu. Akasema niwaachie wao. Watapumua kwa zamu: mmoja akivuta pumzi, jirani yake anashikilia sauti. Akasema hivyo ndivyo walivyokuwa wakibebana siku zote.

Jumamosi, 8 Machi

Mwongozaji amekuja, na Bwana Koti nyuma yake. Bwana Koti akachungulia karatasi, akacheka bwalo zima likasikia. Akasema huyu kaandikia mashine, hakuandikia watu. Mwongozaji akahesabu vichwa. Tisa. Nikasema wale hamsini na mmoja wamekwenda harusini.

Akawasha picha, garimoshi likapanda ukutani. Wazee wakaanza.

Sijui niandikeje. Sauti ile niliitunga mimi, lakini sikuwa nimewahi kukutana nayo. Ilitoka sakafuni, ikapanda kwenye benchi, ikaingia mbavuni. Vijiko vya bwalo vikatetemeka kwenye sanduku lake. Na pumzi zao! Hhh, huyu. Hhh, yule. Hhh, mjomba. Garimoshi linahema ukutani, wazee wanahema chini yake, hujui nani anamvuta nani kufika kileleni. Kompyuta yangu haijawahi kuhema. Nilisimama kama nguzo, machozi yananitoka hadharani, mtu mzima mimi!

Walipomaliza, Mwongozaji alikuwa amevua miwani yote miwili. Bwana Koti alikuwa amevua koti.

Mwongozaji akauliza wazo la zile pumzi ni la nani. Nilifungua mdomo nijisifu. Nikamwona mjomba, ameikumbatia tarumbeta, anasubiri jibu langu. Mdomo ukanisaliti kwa mara ya pili wiki hii: ukasema ni lake. Ukaendelea wenyewe: hakuna sitini, hakuna harusi, kuna kompyuta juu ya meza ya dada.

Mwongozaji akasema alijua tangu Jumatatu. Mwenye watu sitini huwa na uso wa mtu anayedaiwa chakula cha mchana, na mimi sikuwa nao. Akasema kazi ni yangu, kwa sharti moja: wapulize hawahawa, na jina la mjomba liandikwe kwenye filamu. Mjomba akauliza kama litaandikwa na cheo cha zimamoto. Litaandikwa.

Bwana Koti akaja kunishika mkono. Nimemsamehe cheti.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekuwa mtu mpya. Uongo basi! Nimemwapia dada, akaguna tu.

Mchana Mwongozaji akapiga simu. Ana filamu nyingine, ya ziwa lililotulia. Akauliza kama namjua mtu mwenye kinubi. Nikamwambia ninavyo kumi na viwili.

Sijawahi kukiona kinubi kwa karibu, lakini picha ninayo, kina nyuzi nyingi, kitu cha heshima. Nikampigia mjomba, kwa kuwa anajua watu. Akaanza kunieleza kwamba uzi ukiuchuna unalia mara moja kisha unakufa, si kama tarumbeta. Nikamwambia, mjomba, mambo ya kitaalamu niachie mimi.

Nimeshaanza kuandika. Sauti moja, dakika nne, bila kukatika. Safari hii hakuna wa kuniuliza swali: kinubi hakina mapafu.