Mashine Orijino na Kidole Gumba cha Munyao

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kabati.

Nimefika jana hapa kwa kaka yangu kutoka Makindu. Begi moja, bisibisi zangu, na mashine ya gemu imefungwa kwa sweta. Ni orijino. Ya kijivu, ya kushika mkononi, mjomba aliinunua Mombasa mwaka wa 1994. Kaseti moja tu: matofali yanaanguka kutoka juu, wewe unayapanga. Mimi nilikuwa na miaka kumi, kaka yangu Munyao kumi na sita. Yeye alicheza. Mimi nilishika tochi.

Munyao alipata kiharusi mwezi wa tano. Mkono wa kushoto umelala. Maneno yanatoka moja moja. Daktari wa mazoezi ya viungo amesema vidole hivyo vinataka kazi ndogo ndogo kila siku, la sivyo havitaamka tena. Alimpa mpira wa kufinya. Munyao akaurushia mbuzi.

Dawa ninayo mimi. Niliingia sebuleni nimeibeba kwa mikono miwili. Kumbe kaka ameshashika nyingine. Mpya, nyembamba, inawaka kama kibanda cha M-Pesa. Mutanu, mke wake, akanieleza kwa furaha kwamba ameinunua kwa Wangechi, mwenye duka la simu hapa sokoni, na kwamba ina gemu elfu tano ndani, pamoja na ile yetu ya matofali. Nikauliza imeingiaje bila kaseti. Akasema inaitwa emuleta. Ni programu inayojifanya mashine za zamani.

Inayojifanya. Amesema mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti.

Leo maonyesho. Nilimpokonya kaka ile kopi kwa heshima, nikampa orijino. Hakuona kitu. Kioo cha orijino hakina taa, kinataka mwanga wa kutosha, kama mzee anayesoma Biblia. Nikamtoa nje na kiti chake. Jua kali mno, kioo kikameremeta. Nikamsogeza kando ya tangi la maji. Giza. Nikamrudisha. Hadi saa kumi tulikuwa tumezunguka boma lote tukifuata mwanga. Mutanu akasema hata nguo anazoanika hazihamishwi hivyo.

Kisha mawe ya betri yakaisha. Mawe manne, mapya. Nilimweleza Mutanu kwamba mawe yanamfunza mtu kutopoteza wakati. Akaonyesha mistari miwili ya kioo iliyokufa. Nikamwambia hiyo inanoa macho.

Jumatano, 6 Agosti.

Nimemwendea Wangechi dukani. Ni mtu wa Nyeri, yuko Kabati miaka kumi na miwili, Kikamba anakijua kuliko watoto wangu. Nikamwambia anauza vitu vya kujifanya. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Akauliza orijino inafanya nini ambacho yake haifanyi.

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia kopi inachelewa. Ukibonyeza orijino, tofali linageuka papo hapo. Ukibonyeza kopi, programu inajiuliza kwanza ile mashine ya zamani ingefanya nini.

Akachukua moja ya zake na hii yangu, akabonyeza kwa zamu, amekaza uso. Akakubali. Inachelewa kidogo. Nilitafuta shahidi. Mteja mmoja tu, naye alikuwa ameziba masikio yote mawili akijaribu earphone.

Kisha Wangechi akasema kwa upole kwamba kidole cha Munyao kinachelewa zaidi.

Akajitolea kuniwekea kioo kipya chenye taa, akasema vinapatikana. Nikakataa. Ni kama kumchorea marehemu babu meno mapya kwenye picha. Niliondoka nimenyoosha mgongo.

Alhamisi, 7 Agosti.

Mpango. Kama kopi haipo, mtu atacheza orijino. Asubuhi niliificha ndani ya gunia la mbaazi, nikamwambia kaka imepotea. Akaniangalia muda mrefu. Orijino hakuigusa. Muthokoi, mahindi na maharagwe aliyopikiwa, hakula. Akageukia ukuta.

Mchana nilimkuta Mutanu jikoni akilia bila sauti, akipepeta mahindi yaliyokwisha kupepetwa. Akasema, "Shemeji, tangu mwezi wa tano hajaomba kitu. Ile mashine ndiyo kitu cha kwanza aliomba." Tena akasema Jumatatu daktari anakuja kumwangalia. Na mkono wa kushoto bado haujafanya lolote, maana kaka huilaza kopi mapajani na kucheza kwa mkono wa kulia peke yake. Vitufe vya kushoto ni vidogo kama punje za mtama. Kidole gumba chake hakivihisi.

Nilienda gunini. Nikairudisha, nikasema nimeiona imeanguka nyuma ya kochi. Kaka akatoa punje ya mbaazi kwenye tundu la chaji. Akaiangalia. Akaniangalia.

"Mwizi," akasema.

Safi kabisa, bila kukwama. Mutanu anasema ni neno lake lililonyooka kuliko yote wiki hii. Naliandika hapa kama maendeleo, na yametokana na mimi.

Ijumaa, 8 Agosti.

Mimi ni fundi wa redio miaka ishirini. Nimekaa nikafikiri kama fundi. Kopi inawaka. Orijino ina heshima. Basi heshima iwake.

Nilimwambia Mutanu naenda kuichaji kopi kwa jirani. Nikajifungia stoo. Skrubu za orijino zina vichwa vya pembe tatu, bisibisi ya kawaida haishiki, nikayeyusha mfuniko wa kalamu, nikaubonyezea juu ya skrubu, ukapoa, nikafungulia nao. Nikatoa matumbo ya kopi. Hayakuingia. Nikapasha kisu moto nikakata plastiki ya ndani ya orijino. Naliandika hili kwa unyoofu: nimeikata orijino ili kuilinda. Nikalehemu nyaya kumi na moja. Vitufe vikubwa vya kijivu juu, programu ya kujifanya chini.

Saa kumi na moja nilimpa kaka. Nikamwambia nimeifanyia huduma orijino.

Alianza kwa mkono wa kulia, kama kawaida. Tofali likasimama pabaya. Halafu nikaona kidole gumba cha kushoto kimelala juu ya kile kitufe kikubwa cha msalaba. Kilikuwa kimelala tu. Kikalala muda mrefu. Kisha kikabonyeza. Tofali likasogea kushoto.

Mutanu aliangusha sufuria. Hakuna aliyeiokota. Kaka akabonyeza tena, jasho likimtoka kwenye paji la uso, na tena, mpaka matofali yakajaa na gemu ikaisha. Nilitoka nje kuangalia mbuzi. Vumbi liliniingia machoni.

Niliporudi nikatangaza kwamba orijino imeshinda.

Jumamosi, 9 Agosti.

Mutanu alimwita Wangechi aje kuona. Mimi ningesubiri kidogo. Wangechi akafurahi kweli, akamshika kaka begani, akaangalia kidole kikifanya kazi. Kisha akaangalia kioo. Akaniuliza tangu lini orijino inawaka. Nikasema ni mambo ya huduma. Akaomba aishike, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na orodha ya gemu elfu tano ikajitokeza mbele ya shemeji yangu.

Nikatazama dari. Ina buibui wawili.

Kaka ndiye aliyeongea. "Nilijua," akasema. Akapumzika. "Inawaka."

Wangechi hakunicheka sana. Akasema kazi ni nzuri, kwamba kuna watu wengi huku walio na mikono kama ya Munyao, na kwamba yeye alete mashine, mimi niweke vitufe vikubwa. Nikamjibu kwamba sifanyi kazi na kopi. Akaniuliza basi niliyolehemu jana ni nini. Nikasema hiyo ni ya kifamilia.

Halafu kaka akataka tushindane, kila mmoja raundi moja. Nilimhurumia, nikacheza polepole. Akanishinda. Raundi ya pili sikumhurumia.

Akanishinda.

Jumapili, 10 Agosti. Makindu.

Kanisani Mutanu alisimama kutoa shukrani. Alimshukuru Mungu, kisha Wangechi, kisha daktari, kisha mimi. Wa nne. Nyuma ya daktari ambaye hata hajakiona hicho kidole kikibonyeza.

Njia nzima nimetafakari, na sasa jambo liko wazi. Kidole kiligusa nini? Kitufe cha orijino. Ile programu ilikuwa mgeni tu ndani ya nyumba ya watu. Orijino imemponya kaka yangu, na yeyote anayebisha aje nimweleze.

Nimeshuka stendi nikamkuta Muindi, jirani yangu, anachechemea. Goti. Watoto wake wamemnunulia baiskeli ya mazoezi, ya umeme, inayohesabu mizunguko na kutoa muziki. Nilimsikitikia. Mimi nina cherehani ya marehemu mama, ya kukanyaga, chuma kitupu, haijawahi kujifanya kitu kingine. Kanyagio limekatika, lakini hiyo italipa goti kazi zaidi.

Baiskeli nimeshamsaidia kuirudisha dukani.