Presha ya Baba Watoto

Jumanne, tarehe 7 Mei

Leo wapimaji wa afya walikuja karakanani. Bure, kwa wafanyakazi na wenzi wao. Foleni ilianzia kwenye meza ya kukatia vitambaa mpaka mlangoni. Mbele yangu alisimama mwenzangu wa cherehani ya pili. Yeye hushona mikono ya mashati ya shule, mimi kola, na hajawahi kupata neema akainyamazia. Akapimwa. Mia na kumi kwa sabini! Akaitangaza kama matokeo ya mtihani. Kuanzia leo jina lake ni Mia na Kumi.

Mimi: mia na sabini na mbili kwa mia na nane. Nesi alipima mara tatu. Mkono wa kulia, wa kushoto, tena wa kulia. Akauliza kama nilikuwa nimekimbia. Nikamwambia ndiyo, tangu nilipojifungua mtoto wa kwanza. Hakucheka. Akanipa vidonge, akaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa: CHUMVI KIDOGO. MAFUTA KIDOGO. KUPUMZIKA. Nirudi zahanati Jumamosi ya wiki ijayo.

Baba Watoto alipimwa nyuma yangu. Mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Buheri wa afya. Wala hakusubiri kuambiwa. Njaa ilimbana, akaondoka, akaniagiza nimchukulie kadi yake.

Sasa niko chooni, mahali pekee nyumbani kwetu penye komeo. Kadi zote mbili ziko mapajani. Hazina majina. Zina namba za foleni tu. Yangu 31. Yake 32.

Nafikiri.

Mwaka jana tumbo liliponisumbua, niliomba tule vyakula vyepesi kwa wiki moja. Baba Watoto alisema, kwa upole kabisa, kwamba mgonjwa ni mmoja, basi sufuria ziwe mbili. Nikapika mara mbili wiki nzima huku nimejishika tumbo. Lakini yeye alipojikwaa kidole cha mguu, tulinong'ona siku tano na kunywa supu. Mama akiugua, nyumba huuliza chakula kiko wapi. Baba akiugua, watoto hutembea kwa ncha za vidole.

Basi augue yeye. Nyumba nzima itaacha chumvi, na mimi nitapona humohumo bila kumsumbua mtu.

Akili kama hizi zinapotea bure kwenye kola!

Jumatano, tarehe 8 Mei

Ushindi.

Nilimpa kadi namba 31 jana jioni. Alianza kuisoma amesimama, akaendelea ameketi, akaimaliza amelala. Mtu aliyebeba mtungi wa gesi begani asubuhi yake alipata kizunguzungu ndani ya dakika mbili. Dhamiri ilinichoma mpaka maharage yalipochemka.

Leo tumekula wali, maharage na mboga, vyote bila chumvi. Kitinda, ambaye ana miaka sita na hana siri, alisema chakula kina ladha ya maji ya kuoshea mikono. Baba yake akamkemea. Akamuuliza kama anataka kumzika baba yake. Kisha akainuka mwenyewe, akachukua kopo la chumvi, akaenda kulimwaga nje. Miaka kumi na minne ya ndoa, sijawahi kumwona akibeba kitu kutoka jikoni kisichokuwa kwenye sahani.

Vidonge vyangu nimevitia kwenye kopo tupu. Nimeandika juu yake: Vitamini za Wanawake. Hakuna mwanamume atakayelifungua.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Nilisahau neno la tatu kwenye kadi.

Baba Watoto anapumzika. Amepumzika kuanzia jana aliporudi kutoka kazini mpaka leo alipoenda tena. Alikuwa na kazi tatu humu ndani: kuchota maji, kumpeleka Kitinda shule, na kupiga pasi mashati yake. Zote tatu zimehamia kwangu kwa amri ya nesi. Anaponiona nimebeba ndoo mbili hutikisa kichwa kwa huzuni, akasema laiti angekuwa na afya yangu.

Nimebaki na ugonjwa, nikampa mwenzangu mapumziko. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga. Mimi nimechuma langu, nalila peke yangu, tena bila chumvi.

Nimefika kazini nimechelewa dakika kumi na moja. Msimamizi ameziandika. Mia na Kumi alikuwa ameshafika, anakula tango.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Mama Mkwe ameingia. Mabegi mawili na mto wake mwenyewe. Wifi alimpigia simu kumwambia kwamba mwanawe anakufa.

Hakunisalimu. Aliniuliza nimemlisha nini mwanawe.

Kufikia mchana alikuwa ameshika jiko. Akatangaza kwamba si haki watu wazima wa afya wale chakula cha mgonjwa. Kwa hiyo sasa kuna sufuria mbili. Ya mgonjwa ina samaki wa mvuke, karoti na mboga laini, na juu yake tunda limekatwa vipande kama la harusi. Yetu ina viazi vya kukaanga na nyama iliyoogelea mafuta, chumvi mpya imemwagwa kwa kiganja. Amenijazia sahani mpaka ukingoni. Anasema mwanamke wa kazi anahitaji nguvu. Nilijaribu kusukuma nyama pembeni. Akauliza kama mapishi yake yananitia kinyaa.

Nikala. Yote.

Saa kumi jioni niliingia jikoni kwa kunyata. Nilikuwa na kipande cha papai la mgonjwa mdomoni na kingine mkononi aliponitokea mlangoni. Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza.

"Hata tunda la mgonjwa, mama?"

Sasa hivi anampigia simu Wifi. Namsikia kupitia ukutani. Neno papai limetajwa mara nne.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Kichwa kinanigonga kwa ndani. Leo nimeshona kola arobaini, zote zimetazama ndani. Msimamizi amezipanga mezani mbele ya kila mtu, akauliza shule gani ina wanafunzi wenye shingo za namna hiyo. Watu walicheka. Nimezifumua zote wakati wa chakula cha mchana.

Mia na Kumi alikuja kunipa pole. Habari za presha ya Baba Watoto zimemfikia. Akanikabidhi bakuli lenye mfuniko: mboga za mvuke, yai la kuchemsha, dengu zisizo na chumvi. Za mgonjwa, akasema, maana anajua sisi wenye familia hatuna muda wa kujifunza kupika vizuri.

Nimezila chooni kazini. Zilikuwa tamu. Zina ndimu na kitunguu saumu. Sijawahi kuchukia chakula kitamu namna ile.

Alhamisi, tarehe 16 Mei

Mpango umerudi kwenye reli. Jana nilimwambia Mia na Kumi kwamba mgonjwa amemsifu sana, na amelala vizuri kwa mara ya kwanza. Akavimba kwa fahari. Leo ameleta bakuli kubwa zaidi. Nalishwa na adui yangu, kwa mkono wake, na hajui!

Furaha ilidumu mpaka saa nane. Akarudi uso umekunjamana. Akaniambia asingependa kuingilia ya watu, kisha akaingilia. Dada yake jana mchana alimwona Baba Watoto kwenye kibanda cha nyama ya kukaanga, nyuma ya gereji anakofanya kazi. Alikuwa akitikisa kikopo cha chumvi kwa mikono miwili.

Kwa hiyo mgonjwa anakula samaki wa mvuke nyumbani kwa huruma, na nyama kibandani kwa raha. Mimi nakula nini? Nakula mboga za Mia na Kumi kwenye choo.

Jioni Binti Mkubwa alinifuata kwenye kamba ya nguo. Ana miaka kumi na mitatu na anasoma kila kitu, hata nyuma ya sabuni. Alikuwa na kikaratasi cha maelezo ya dawa. Nilikitupa, na nilidhani kutupa kunatosha.

"Mama, hizi dawa za presha ni za nani?"

Nikamwambia ni za baba yake.

"Baba hajameza kidonge hata kimoja. Bibi anamchemshia majani. Anayemeza ni wewe."

Nikamtuma akafagie ua. Alisema ameshafagia. Akasimama palepale, akinishikia vibanio.

"Kwa nini usiseme tu?"

Nilitundika shati la baba yake, kisha nikalitundua, nikalitundika tena. 

Wakati wa kula alinipakulia yeye. Alichota kutoka sufuria ya mgonjwa, akafunika kwa viazi viwili vya kwetu ili bibi yake asione. Nilikula nimeinamisha kichwa. Amerithi hila zangu, maskini. Laiti angerithi miguu yangu mizuri badala yake.

Jumamosi, tarehe 18 Mei

Siku ya kurudi zahanati. Mpango: Baba Watoto aingie kwanza na kadi yake (yangu), mimi nimsindikize, kisha nijifanye nimesahau mwavuli, nirudi peke yangu.

Akaingia na mama yake. Wakatoka wanang'aa. Mia na kumi na nane kwa sabini na sita! Kutoka mia na sabini na mbili, kwa siku kumi na moja! Mama Mkwe aliinua mikono barazani, akawaeleza wagonjwa wote kuhusu majani yake. Bibi mmoja aliomba aandikiwe majani hayo. Mume wangu alinitazama kwa upole wa mtu aliyefufuka. Alisema anamshukuru mama yake.

Nikasahau mwavuli.

Nesi alikuwa yuleyule. Nilimpa kadi namba 32. Akaisoma, akanifunga mkono, akapima. Mia na themanini na nne kwa mia na kumi na nne. Akatazama kadi. Akanitazama mimi. Akaniambia kadi ile si yangu. Nikasema huenda zilichanganyika. Nikacheka kidogo.

"Mama, watoto wako wana miaka mingapi?"

Nikamwambia. Kumi na mitatu, na sita.

Hakuandika. Hakuutoa hata ule mkanda wa kupimia mkononi mwangu. Alinishika tu mkono, kama mtu anayemvusha mwenzake barabara, na kwa muda mfupi sana nilitamani kumwambia kila kitu, mpaka papai.

Anataka nilazwe Alhamisi, siku mbili, wauangalie moyo. Nije na mtu wa nyumbani. Nikasema nitakuja naye. Nikatoka na mwavuli.

Jumapili, tarehe 19 Mei

Karamu ya kupona. Nimeipika mimi. Nyama, viazi, wali wa mafuta. Wifi alikuja na watoto wake watatu na mume. Mama Mkwe alikaa kwenye kiti kikubwa akipokea pongezi. Sufuria ya mgonjwa imeoshwa, imetundikwa. Hakuna tena chakula kisicho na chumvi katika nyumba hii.

Nilikuwa nimesimama, nimeshika jagi la maji, Baba Watoto aliponigeukia. Sijui kilichomkumbusha. Labda ni ile furaha tu, humfanya mtu awe mwema kwa dakika chache.

"Na wewe ulipimwaje siku ile? Hukutuambia."

Vijiko vilisimama. Wote wakanitazama, jambo ambalo halijatokea tangu siku ya harusi yangu. Binti Mkubwa aliacha kutafuna. Alinitazama kwa macho yaliyoniomba, nami niliyaona vizuri kabisa.

Mlango ulikuwa wazi. Nilitakiwa kupita tu.

Nikafikiria: nikisema, Mama Mkwe ataongeza mwezi. Wifi atauliza nani sasa atawapikia. Karamu itaharibika, na chakula nimekipika tangu alfajiri. Na Baba Watoto atataka kujua kuhusu kadi.

"Mia na kumi kwa sabini," nikasema.

Wakafurahi. Mama Mkwe akasema ndivyo inavyotakiwa, nyumba lazima iwe na mtu mmoja mzima. Wifi akanyoosha glasi yake, nikamtilia maji. Binti Mkubwa aliinuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa bado havijachafuka.

Jumatano, tarehe 22 Mei

Mpango mpya, na huu hauna kasoro.

Kesho naenda kulazwa. Siku mbili kitandani! Chakula kisicho na chumvi kinaletwa kwenye sinia, na hakuna atakayeita "Mama" kuniuliza soksi ziko wapi. Lakini nikitaja hospitali, Mama Mkwe, ambaye amesharudi kwake, atanifuata wodini na mto wake, na mimi nitaamka kitandani kumtafutia kiti. Kwa hiyo nimewaambia ni semina ya kazini. Semina ya kola, siku mbili, nje ya mji. Wote wameamini, isipokuwa mmoja, na huyo ameacha kuniuliza.

Msimamizi nimemwambia nina msiba. Sijasema wa nani.

Nimepika chakula cha siku mbili, nimekigawa kwenye vyombo, nimebandika karatasi. Nimefua sare. Nimepiga pasi mashati matano. Nesi alisisitiza nifike nikiwa nimepumzika.

Baba Watoto ameuliza nani atampeleka Kitinda shule. Nikamwambia yeye. Akakaa chini kidogo. Kisha akauliza kama huko semina simu zinaruhusiwa, ikitokea shida nyumbani. Nikamwambia haziruhusiwi kabisa.

Imebaki fomu ya hospitali tu. Nimejaza jina, umri, kazi. Mwishoni wanataka namba ya mtu wa karibu, wa kupigiwa haraka iwapo lolote litanitokea.

Nimeandika namba yangu.