Ghala Moja, Adabu Mbili

Jumatatu, 6 Agosti 1973

Wiki ya tatu ya ndoa! Leo Anaeli kanyoa ndevu dirishani, nikachelewa kazini kwa kumtazama. Wengine huenda sinema. Mimi nina Anaeli.

Habari mbaya. Mkataba wa ghala la ushirika Kariakoo ukisainiwa wiki hii, mume wangu ndiye mtunza ghala. Usiposainiwa, anapelekwa Songea. Nami nibaki Magomeni nikumbatie mto? Haiwezekani!

Kikwazo: Bwana Holm, Mswidi mwenye fedha za msaada, na Mzee Shomari, mwenyekiti wa wauza nafaka, hawaelewani. Mzee anasema Mzungu anavamia ajenda kama polisi. Holm anasema Mzee anamaliza kikao kizima kwa salamu. Mimi ndiye taipisti wa vikao vyao. Nani anawajua kuliko mimi?

Jumanne, 7 Agosti

Nimeanza! Nimemnong'oneza Holm kwamba hapa hakuna ajenda kabla ya kuulizia watu wote wa nyumbani. Akauliza, wote kweli? Wote, nikamwambia, mpaka kuku. Akaandika.

Mchana nikamfuata Mzee Shomari kwenye magunia yake ya maharage. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Nikamweleza kuwa Waswidi humheshimu mtu wa haraka: avue saa, aiweke mezani, aseme shida yake. Akashtuka. "Bila hata hujambo?" Bila hata hujambo, Mzee. Akasema haya ni makubwa, ila kwa ajili ya ghala atajikaza.

Alhamisi, 9 Agosti

Balaa!

Mzee kaingia kimya, kavua saa, kaibwaga mezani. "Ghala. Mnatoa, hamtoi?" Holm akatabasamu, akaanza na mama mkwe. Akaja kwa wajukuu, akataka na majina. Mzee akagonga saa. Holm akadhani bado hajauliza vya kutosha, akaulizia kuku. Mzee akasimama: huyu bwana ananitania, kuku wangu wamekuja kuomba msaada? Holm, uso mwekundu, akaniuliza Mzee amefiwa na nani hata asisalimie. Nikaitazama taipureta. Kikao kikavunjika.

Anaeli kanikuta nalia. Nikasingizia vitunguu. Jiko halijawashwa! Akaenda kuninunulia mishikaki. Malaika.

Ijumaa, 10 Agosti

Holm kaenda mwenyewe sokoni kuomba radhi. Wakakaa juu ya magunia, wakanywa kahawa, kila mmoja akamuuliza mwenzake nani alimfundisha adabu zile. Wachukuzi wanasema Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. Mkataba ukasainiwa palepale! Anaeli mtunza ghala! Kazi ya mikono yangu!

Jumatatu, 13 Agosti

Nimeitwa. Mzee Shomari akasema, mwanangu, akili yako ni nyingi mno kwa Kariakoo. Holm akaniulizia wa nyumbani kwanza, vizuri kabisa, halafu akakubaliana naye. Wakubwa wameshaamua: nahamishwa. Songea. Peke yangu.

Nimelia njia nzima. Anaeli aliponisikia, hata kesho hakuingoja: jioni hii hii kaenda kuikataa kazi ya ghala ili anifuate. Mwanamume gani mwingine angefanya hivyo? Nimembusu mpaka mwenye nyumba akakohoa.

Tena naona bahati tupu. Nasikia Songea kuna wataalamu wa kilimo kutoka Bulgaria, na wenyeji wamegombana nao vibaya. Maskini, si kosa lao. Hawajapata mtu wa kuwafundisha.