Barafu ya Bwana Mpimaji

Jumatatu, 1 Novemba 1954

Barafu imejaa tena ndani ya friji ya Bwana Mpimaji. Nene kama ukoko wa ugali, mlango haufungi. Asubuhi Bwana alitutangazia mbele ya jiko: atakayeiondoa isirudi, atapanda lori la Jumamosi linalokwenda Dodoma kuchukua vyuma vya mashine. Nafasi ni moja tu, mbele, karibu na dereva. Kisu marufuku, alisema. Ukitoboa bomba, umeua friji.

Dodoma! Kutoka pale mpaka kwetu Mpwapwa nitatembea kwa miguu, tena kwa kuimba. Mwaka wa tatu huu niko hapa Ngaka kwenye makaa ya mawe. Mguu uliumia shimoni, sasa napasua kuni jikoni. Mtu wa kwetu aliyepita alinipa habari za mke wangu Katarina: mvua zikianza sijarudi, kaka zake watakuja kumchukua.

Mshindani wangu ni mpishi, mzee Romanus, Mmatengo. Nilimuuliza anatafuta nini Dodoma. Akasema anataka kuona garimoshi. Garimoshi! Mimi napoteza mke, yeye anataka kuona garimoshi!

Leo ni Watakatifu Wote, Romanus kaenda misa kijiji cha Mapera. Mimi si Mkatoliki, nimebaki. Heri yangu. Nimechemsha maji chungu kizima, nimekiingiza ndani ya friji, taa yake ya mafuta inayoiendesha nimeiacha ikiwaka, mlango nimeufunga kwa kamba. Mvuke utaila barafu.

Jumanne, 2 Novemba

Haukuila. Umekuwa barafu na wenyewe! Imeongezeka mara mbili. Chungu kimegandia ndani, hakitoki. Na ni chungu cha Romanus cha maharage.

Nikamwamkia, Shikamoo mzee. Alikitazama chungu chake, akasema anatusikitikia Wagogo, kwetu hakuna maji ndiyo maana hatujui yakiganda yanakuwaje. Wapasua kuni wote walicheka. Kisha akasema dawa ni kuizima ile taa, kuacha mlango wazi nusu siku, na kuwa na subira.

Mtego! Bwana akute taa imezimwa, anifukuze kazi, Romanus apande lori. Nilimwambia ahsante mzee, sikuzima kitu. Nikamuuliza mbona yeye hazimi mwenyewe. Akasema anangoja kwanza kuona mimi nitaharibu mpaka wapi.

Jumatano, 3 Novemba

Makaa ya mawe yana moto kuliko kuni, kila mtu hapa anajua. Niliwasha kidogo kwenye kopo, nikaliweka ndani ya friji.

Chungu kimetoka. Hiyo ni faida. Lakini siagi imekuwa nyeusi. Bwana aliipaka kwenye mkate, akaonja, akaniita. Nikasema ni vumbi la shimoni. Akanusa. Akasema vumbi la shimoni halina harufu ya moshi. Nikasema la siku hizi linayo.

Sijafukuzwa. Lakini barafu ingali nusu, na jioni ilianza kuota tena. Nimeikalia kitako na kuitazama. Hakuna mtu mwenye shida kama mimi katika jimbo hili lote.

Alhamisi, 4 Novemba

Nimepata! Nimepata!

Nilipita mlimani Wamatengo wanakolima ngolo, yale mashamba yao ya mashimo ya mteremkoni. Mama mmoja alikuwa anaandaa shamba, nikamwamkia, nikamuuliza mbona wanahangaika na miteremko na tambarare ipo. Akanicheka. Akasema tambarare maji yanasimama, baba, yanaozesha. Mteremkoni maji hayana pa kukaa.

Maji hayana pa kukaa! Barafu ni nini kama si maji yaliyopata pa kukaa? Kosa la Bwana ni kuisimamisha friji sawasawa kama kitanda. Nilirudi mbio na mguu wangu mbovu. Romanus ana matofali manne ya jiko jipya analojenga. Nimeyatia yote chini ya miguu ya nyuma. Friji sasa imeinama kama mtu anayesalimia wakwe.

Imeanza kudondoka! To, to, to. Sijasikia ngoma tamu kama hiyo.

Ijumaa, 5 Novemba

Asubuhi barafu imekwisha yote! Bwana aliingiza mkono ndani, akakuta peupe, akanipiga begani. Akasema Edmund, lori ni lako. Mbele ya Romanus! Nilifunga mzigo palepale. Nilimwomba Romanus msamaha wa chungu, kwa kiburi kidogo.

Mchana alikuja mama Emerensiana wa Lipingo na samaki wakubwa wa ziwani, mbasa, kwa ajili ya mgeni wa Bwana. Wakawekwa ndani. Jioni harufu. Bwana alifungua mlango, siagi ikamwagika kama mafuta ya taa. Friji ina joto kuliko nje. Akaubamiza mlango. Akasema tutaonana asubuhi.

Romanus naye anapita huku na huku anauliza nani kaiba matofali yake.

Jumamosi, 6 Novemba

Jana usiku Romanus aliyaona matofali, akayachomoa kwa hasira, friji ikakaa sawa. Hakutaka kuponya kitu, alitaka jiko lake. Lakini asubuhi friji ina baridi kali, haina barafu, na Bwana kamkuta Romanus amesimama karibu nayo. Akampa nafasi.

Nilipiga kelele kwamba barafu niliiondoa mimi. Bwana akauliza kwa njia gani. Nikaeleza. Akasema friji ya namna hii lazima isimame sawa, ikiinama inakufa, kwa hiyo mimi sikuua barafu, niliua friji.

Nilimkimbilia Romanus ameshaketi mbele. Nikamwomba amtafute Katarina, amwambie nakuja. Akasema Mpwapwa si Dodoma, kijana wangu, lakini akimwona atamsalimia. Lori likaondoka. Mvua ikaanza kunyesha.

Jumamosi, 20 Novemba

Lori limerudi. Romanus hakuona garimoshi, siku aliyofika lilikuwa limekwisha pita. Katarina hakumwona. Alikutana na mtu wa Mpwapwa stesheni, kamwambia kwetu mvua bado, lakini kaka zake wameonekana kijijini. Bado! Kuna muda!

Pankras dereva anasema wiki ijayo anarudi Dodoma. Nikamwomba. Akasema gari linachemka kila mlima, anapoteza siku nzima kungoja lipoe, hawezi kuongeza mzigo. Atakayelizuia lisichemke atampeleka mpaka mlangoni kwake.

Nimelizunguka lori nusu saa. Ni jambo rahisi, nashangaa madereva wote hawa hawajaliona. Kinachochemka ni maji. Yako mbele pale, kwenye rejeta. Pasipo maji, hakuna cha kuchemka.

Kesho Pankras akienda misa nitayamwaga yote. Mzigo nimekwisha kufunga.